Udongo wa Kichuguu

Siku ile naikumbuka, mwanangu, niliyodhani udongo ni udongo tu. Nilikuwa kijana hapa Sepuka, nimepata kibarua cha kumchimbia mashimo mtaalamu wa udongo. Unaijua ardhi ya kando ya mto ilivyopanda ngazi tatu. Alinifundisha kwamba kila ngazi ni mahali mto ulipopita zamani. Udongo ambao ulanga wake, zile chembe za kung'aa, bado unameta, mto uliuacha juzijuzi. Ule mwekundu, ambao ulanga wake umeliwa na mvua ukaisha, ni wa kale. Kwa hiyo alijua umri wa kila ngazi, na inalingana na ngazi ipi ya ng'ambo ya mto.

Malaria ikamlaza, akanituma peke yangu ngazi ya chini nikachimbe udongo wa kupeleka maabara. Nikakuta changarawe, jembe linadunda. Jirani palikuwa na kichuguu, udongo laini tunaokandikia nyumba. Nikajaza mfuko humo. Mvivu hakosi akili.

Mama mkubwa, fundi wa kukandika, aliuchungulia mara moja tu.

"Huu mchwa wameupandisha kutoka chini kabisa, ni wa kale, haumeti," akasema. "Si wa mto. Nenda kamwambie kabla haujasafiri."

Nikaitikia, nisiende. Niliogopa kufukuzwa.

Majibu ya maabara yakaja: ngazi ya chini ni kongwe sawa na ya juu, mto hauipandi tena. Kijiji kikagawa viwanja pale, kaka yangu akajenga. Naam, baba yako. Nilimfyatulia matofali kwa mikono hii, mdomo nimeufunga.

Kifuku cha pili, mvua kubwa ziliporudi, mto ukapanda. Baba yako tulimpata siku ya tatu, amekufa maji. Mama yako hatukumpata. Wewe ulikuwa kwa bibi.

Miaka yote umeniita baba, nami nikaitika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na changu hakiko mbali. Sikuombi msamaha, maji yakimwagika hayazoleki, na sijaona kitu cha kunipunguzia hatia.

Lakini kesho unakwenda kuwachimbia wataalamu waliorudi kuzipima upya ngazi za mto. Basi shika hili: chimba ulipoambiwa, hata jembe likivunjika. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata wakikufukuza. Na waambie mfuko ule wa zamani ulikuwa wa kichuguu. Jina langu litaje.

Mungu akupe mikono mikweli kuliko hii iliyokulea.