Waya wa Nyumba Mbili

Baba yangu alikuwa mtu wa mizani. Akinunua kitenge alinunua vipande viwili vya rangi moja, asije mke mmoja akasema cha mwenzake kinang'aa zaidi. Samaki mkubwa kutoka mtoni Nyangwe akifika nyumbani alipasuliwa katikati, kuanzia kichwani mpaka mkiani, jicho moja likaenda kwa mama yangu na jicho la pili kwa mama mdogo, mke wake wa pili. Sisi watoto tulicheka sana. Hatukujua kwamba mtu anayegawa namna hiyo halali vizuri.

Duka lake lilikuwa sokoni Kasongo, hapo hapo ninapouza mimi leo. Nyumba ya mama yangu, mke mkubwa, iko nyuma ya soko, na ya mama mdogo iko mbali zaidi, ng'ambo ya msikiti. Kiwanda kimoja cha pamba kilipofungwa, vitu vyake viliuzwa, na baba akarudi na simu tatu nyeusi za kukoroga kwa mkono na marobota ya waya. Simu moja aliiweka dukani, moja kwetu, moja kwa mama mdogo. Waya ulitoka dukani, ukafika kwenye mchikichi mmoja mrefu, na hapo ukagawanyika, tawi moja kwetu na tawi moja kule. Ukikoroga mara moja unaita kwetu, mara mbili unaita kule. Kengele zililia pote hata hivyo, na kila mtu alisikia mambo ya kila mtu.

Ninachokumbuka zaidi ni mchana, wakati joto limeulaza mji mzima na hata mbuzi hawana la kusema. Nilikuwa nanyanyua mkono wa simu taratibu na kuubana sikioni bila kukoroga. Ndani mlikuwa na mvumo, kama mto ukiusikia kutoka mbali, na ndani ya mvumo huo nilisikia mchi wa mama mdogo ukitwanga sombe, yale majani ya muhogo, kwa sababu yeye simu yake hakuirudisha vizuri hata siku moja. Nilisikiliza mpaka nikasinzia. Mpaka leo nikisikia sombe ikitwangwa, usingizi unanijia.

Baba akisafiri kwenda Wamaza kutafuta karanga na mpunga, wake zake walibaki na waya peke yao. Wakikutana njiani walisalimiana kwa adabu tu, kila mmoja amejifunga kitenge chake sawa na cha mwenzake. Ndani ya waya walikuwa watu wengine kabisa. Walianza na chumvi, wakaendelea na magonjwa ya watoto, wakamsengenya baba bila huruma, na mama yangu akacheka kicheko ambacho hakukitoa mbele ya mtu yeyote. Sombe iliungua jikoni na hakuna aliyeinuka.

Kisha baba akafa. Alifia kwa mama mdogo, kwa kuwa ilikuwa zamu ya nyumba ile, na jeneza likatoka katika mlango wa mama mdogo. Maisha yake yote aligawa, na kitu kimoja tu hakikugawanyika. Mama yangu, aliyeolewa wa kwanza, alisema siku ile ya mazishi neno zito ambalo sitaliandika, na mama mdogo akamjibu lingine zito vilevile. Tangu hapo hakuna aliyevuka kizingiti cha mwenzake. Simu nazo zilinyamaza. Waya ulibaki juu kwa sababu una chuma ndani, si shaba safi, na wezi wa vita vyote vilivyopita walishausugua kwa kisu, wakaudharau.

Mwaka huu nimeweka antena ya sahani juu ya bati la duka, nikapata intaneti. Na ndugu yangu, kitinda mimba wa mama, anayeishi mbali Kalemie, amepata mtoto wa kwanza wa kiume, akampa jina la baba. Mama alitaka kumwona. Macho yake yameingia ukungu, na hospitalini wamemwambia asubiri daktari wa macho ambaye huja akipenda. Aliniambia wazi kwamba anataka kujua kama mtoto ana paji la baba, na anataka kujua kabla ukungu haujafunga mlango. Dukani hakutaka kuja. Alisema hawezi kumlilia mjukuu mbele ya watu wanaonunua sabuni.

Nikamleta fundi kutoka Lusangi, baba mmoja mpole anayezungumza kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtoto amelala. Alikuja na modemu mbili ndogo zinazoweza kusemezana kupitia waya wa simu wa zamani. Moja aliifunga dukani, nyingine nyumbani kwa mama, pale pale simu ilipokuwa. Taa ya modemu ilikuwa ikiwaka na kuzima kama mtu anayepigana na usingizi. Tulimpigia ndugu yangu kwa video kwenye simu yangu ya mkononi; sauti yake ilikuja vipande vipande, na mtoto akaonekana kama mkeka uliofumuka. Mama alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Akasema anaona rangi tu.

Fundi alipanda darini kufuata waya. Akakuta kapu, na ndani ya kapu waya mwingi umeviringishwa kwa upole kama nyoka aliyeshiba, ambao haukuwa na kazi yoyote. Aliuliza nani alifanya kitu hiki. Mama akatazama pembeni, na mdomo wake ukataka kucheka. Kumbe nyumba yetu ilikuwa karibu na duka, ya mama mdogo ilikuwa mbali, hivyo mama mdogo alipewa waya mrefu zaidi. Basi baba akakata wetu urefu uleule, na uliozidi akauficha juu ya vichwa vyetu. Nilikaa chini kwenye mkeka nikacheka mpaka nikalia. Nilimkumbuka sana mtu yule na haki yake isiyolala.

Fundi alitoa ule waya wa kapuni, akasafisha maungio yaliyoliwa na kutu, na mambo yakapata nafuu kidogo. Taa haikutulia. Ndipo akaenda kwenye mchikichi na kamba yake ya kupandia, na sisi tukabaki tunakitazama kioo. Ghafla picha ikasimama. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa baba yake, ngumi moja shavuni, na kwa mara ya kwanza mama akamwona mtu kamili. Alisema bismillahi. Alinyoosha kidole, akafuata ukingo wa paji bila kugusa.

Fundi aliporudi, mama alimuuliza amefanya nini kule. Akaeleza kwamba amelichomoa kwa muda lile tawi la ng'ambo ya msikiti. Alisema intaneti ikifika mchikichini inagawanyika, nusu inakuja kwetu, nusu inakwenda kule, inafika mwisho wa waya, haikuti wa kuipokea, basi inarudi na kugongana na ile inayokuja. Dawa ni kukata tawi lile tu, kazi ya dakika moja.

Mama akasema, "Rudisha."

Mimi nikapandwa na hasira. Nilimwambia simu ile imekufa, yeye na mwenye simu hiyo hawasemezani, na mtoto ndiye huyu tunamwona vizuri sasa hivi. Hakunitazama.

"Ile waya iko yake," alisema. "Siwezi kata kitu ya mwenzangu na yeye hajui."

Fundi akapanda tena mchikichi, akarudisha. Paji la mtoto likavunjika mbele ya macho yetu. Mama aliinuka akaenda kutawadha, na alipita karibu nami akijikwaa kwenye kapu tupu ambalo hakuliona.

Kesho yake asubuhi alivaa kitenge chake kizuri, akachukua nusu ya samaki katika sahani iliyofunikwa, akaniambia nimshike mkono. Tulipita msikiti polepole. Mama mdogo alikuwa uani akichambua majani ya muhogo, na alipotuona alisimama, majani yakaanguka. Alituingiza ndani. Pale sebuleni, juu ya kigoda, simu nyeusi ilikuwa bado ipo, haina vumbi, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma.

Mama alikataa kukaa kabla hajasema. "Nimekuja kuomba ruhusa ya kukata waya yako. Iko nazuia sura ya mutoto."

"Yaya, simu hii ilikufa zamani," alisema mama mdogo, akimwita dada mkubwa.

"Najua. Lakini waya iko yako."

Mama mdogo aliitazama simu muda mrefu. Nikafikiri tutarudi na samaki wetu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtoto amefanana na mzee. Mama akajibu kwamba aliona paji, kidogo tu, na kwamba macho yake yanakwisha. Lile la macho mama mdogo hakuwa amelisikia. Alikwenda kwenye kigoda, akaondoa kitambaa, akauchomoa waya kwa mkono wake mwenyewe. Akajifunga kanga, akasema twende. Njiani ndiye aliyemshika mama mkono, na mimi nikabeba majani yake ya muhogo.

Fundi alikata tawi pale mchikichini. Taa ya modemu ikatulia, kijani tupu. Niliinjika sombe jikoni, kisha nikawatandikia mkeka wale wazee wawili na kukiweka kioo katikati yao, sawasawa, kama nilivyofundishwa na marehemu. Ndugu yangu alimsogeza mtoto karibu. Mama mdogo akakisukuma kioo upande wa mama. Mama akakirudisha katikati. Mama mdogo akakisukuma tena, na safari hii akaushikilia mkono wa mama usirudi.

"Leo hatugawane, Yaya. Angalia wewe, uniambie."

Mama akainama juu ya kioo. Akaanza na paji, kwamba ndilo lenyewe, pana na kaidi. Akaendelea na masikio, na kidevu, na ile ngumi shavuni. Mama mdogo, mwenye macho mazima, hakutazama hata kidogo. Alifumba macho akasikiliza, akauliza hili na lile, na mama yangu akacheka kile kicheko chake cha ndani ya waya. Harufu ya sombe inayoungua ilitoka jikoni ikajaa nyumba. Hakuna aliyeinuka.