Chungu cha Nyuklia Gulioni Hedaru

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya gulio Hedaru, mdogo wangu wa kike anayeuza vyombo kando ya barabara kuu alinipigia simu. Alikuwa amepata mtu mwenye vyungu vinavyoivisha makande ya mahindi na maharage kwa saa moja, na alitaka kuchukua thelathini kwa akiba yake yote.

Nilipofika kutoka Same, muuzaji alikuwa akipakua makande ya kuonjesha. Udongo wa vyungu vyake, alisema, umechanganywa na unga wa chuma. "Ni utaalamu wa nyuklia huu, mzee."

Kilichonitatiza ni kwamba hakuwa amekosea kabisa. Nimesoma habari hizo kwa miaka, peke yangu, simu mkono mmoja na kamusi mkono mwingine. Vidonge vya urani vinavyoendesha mitambo ya umeme ni kauri, na kauri hupitisha joto kwa shida. Kidonge huungua katikati wakati pembeni kuna nafuu. Wataalamu huongeza metali kidogo ili joto lipate njia ya kutokea. Lakini metali hiyo lazima ishikane mfululizo, kama waya. Chembe zilizotawanyika husaidia kidogo tu.

Nilionja. Yalikuwa yameiva kweli, ila mahindi yalikuwa na umanjano.

"Kaka, wewe hata chai ukipewa unauliza maji yametoka wapi," mdogo wangu alisema. Wateja wakacheka.

Nilinunua chungu kimoja, nikamsihi mdogo wangu asilipe mpaka jioni. Nyumbani kwake nilikiweka jikoni pamoja na chungu chake cha zamani chenye unene uleule: mkaa uliopimwa sawa, maji vikombe sita kila kimoja. Sikutia mahindi wala maharage, nilitaka kupima joto peke yake. Cha zamani kilichemka dakika ya ishirini na sita, kipya dakika ya ishirini na tano. Maji ya kipya yalipopoa yaliteleza vidoleni. Nikaonja: magadi. Muuzaji alikuwa amekipaka magadi ndani.

Nikakivunja. Chembe za chuma zilikuwa zimetawanyika, kila moja imezungukwa na udongo.

"Lakini si yaliiva?" mdogo wangu aliuliza.

"Yalilainishwa na magadi, ndiyo yaliyotia mahindi umanjano. Ukikiosha mara mbili, ni chungu kama vingine. Na mteja atakurudia wewe, si yeye."

Akachukua simu, akampigia yule mtu kumwambia hachukui. Kila chungu kilikuwa elfu kumi na tano, vyote thelathini laki nne na nusu. Ukitoa bei ya kile nilichonunua nikakivunja, zilizookoka ni shilingi laki nne na elfu thelathini na tano.