Kitambaa Juu ya Sauti ya Baba

Kwa mama yangu, kitu cha thamani hakikai wazi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, makochi vyao, na hata jagi la maji lilivaa kikofia cha uzi chenye shanga pembeni. Vyote alivishona mwenyewe. Utotoni tulichapwa kwa kuvichafua, na mpaka leo nikifika kwake Mandewa nakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni.

Baba alipokuwa mgonjwa nilimrekodi kwa simu. Alisimulia kwa Kinyaturu habari za ng'ombe aliowachunga, kila mmoja kwa jina lake, na jinsi alivyokwenda kumposa mama akarudishwa na posa yake. Alicheka peke yake, akakohoa, akaendelea. Tulipomzika, sauti hiyo ilibaki sehemu mbili tu: kwenye simu yangu na kwenye memori kadi moja.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta, nina kibanda Utemini. Mama aliponiambia nyumba imekuwa kimya mno, niliagiza kompyuta ndogo, bodi tupu isiyozidi kiganja, inayokula umeme kidogo kiasi cha kuachwa imewaka siku nzima. Ile kadi ndiyo niliyoichomeka humo. Nikaiwekea waifai yake yenyewe, isiyohitaji bando, ili mama aguse picha ya baba kwenye simu yake na kumsikia popote pale uani. Bodi ilipata moto haraka, kwa hiyo nikaibandikia kipande cha alumini chenye meno kama kitana, na juu yake feni ndogo. Niliipanga juu ya kabati la vyombo, karibu na soketi.

Mama aliinama akasikiliza feni. "Kanapumua," alisema.

Nilimwonya asikachomoe, asikamwagie maji. Suala la kitambaa halikunijia akilini, na mimi nimelelewa katika nyumba ile!

Tangu siku hiyo nilikuwa nikifika namkuta uani anapepeta uwele, simu ipo kwenye mkeka, anamjibu baba. "Muongo wewe," anamwambia, "hawakukurudisha, ulikimbia mwenyewe." Nilisimama getini nisimkatishe. Sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu kama nilivyojivunia ile.

Kisha nikaibiwa simu stendi. Nilitukana mpaka makondakta wakaniangalia kwa huruma. Nikajituliza kwamba kadi ipo, na Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda Mandewa na flashi mfukoni, ili ninakili sauti kabla ya lingine kutokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Afadhali umekuja. Baba yako haongei tangu jana."

Niliingia sebuleni. Juu ya kabati kulikuwa na kitambaa kipya cheupe, maua mekundu pembeni, kimekunjwa mara mbili na kuingizwa kingo zake chini ya bodi, kama tunavyochomekea shuka kitandani. Nilipokifunua, joto lilinipiga usoni. Feni ilikuwa imenasa kwenye uzi na kusimama.

"Upepo ulivuma juzi, vumbi likaingia mpaka vyumbani," mama alisema nyuma yangu. "Nikaona nisimwache wazi. Hicho nimekishona kwa ajili yake tu. Umekiona kilivyo kizuri?"

"Ni kizuri, mama."

Nilichomoa kadi, nikaijaribu kwenye laptopu niliyokuja nayo. Haikusomeka. Nikaifuta vumbi, nikairudisha, nikajaribu kila programu niijuayo. Huwa nawaambia wateja habari za namna hii bila hata kuinua macho. Siku ile nilikwenda bafuni, nikafungua bomba, nikalia.

Nilipotoka alikuwa amekaa karibu na kabati, mikono mapajani.

"Kameharibiwa na nini?"

"Umeme, mama. Ulikatika, ukarudi kwa nguvu."

"Sio mimi?"

"Sio wewe."

Alitikisa kichwa, akaulaani umeme kwa Kinyaturu. Halafu akachukua kitambaa, akakikung'uta dirishani na kukitandaza tena juu ya bodi taratibu, akichomekea kingo moja baada ya nyingine.

Safari hii sikuwa na sababu ya kumzuia.