Jiko la mkaa siku ya kupimwa nyumba

Leo nusura nimwangushe binti yangu Upendo.

Nyumba yangu kaichora yeye. Ina cheti cha kutunza mazingira. Ya jirani, Mama Neema, nayo inacho, ila haikuchorwa na Upendo. Pole yake.

Wapimaji wamekuja kulinganisha ipi ina hewa bora ndani.

Karatu hii na baridi yake, wageni wanatetemeka. Nikawawekea jiko la mkaa sebuleni.

Kifaa chao cha kupima hewa kikalia kama mbuzi.

Mama Neema akacheka: "Mama Upendo, umejifelisha mwenyewe!"

Upendo akainuka. Akatoa jiko, akafungua vidirisha vya juu. Chai ya wageni haijapoa, kifaa kimenyamaza.

Mpimaji akasema, "Kwa jirani tumeshapima, hewa chafu haitoki haraka hivi. Hii imeshinda."

Nikamjibu, "Ndiyo maana niliwasha jiko."

Wenye mabinti wanaochora nyumba, nyoosheni mikono. Naona niko peke yangu.