Mkwe Ndani ya Korongo

Mbeee. Honi ya Probox ya Enoch ililia kama mwanambuzi aliyesahauliwa nje, na hadi leo Driwaru akiikumbuka hukunja uso. Ilimfikia ndani ya korongo, mahali ambapo siku hiyo haikupaswa kusikika honi ya mtu mwingine.

Kazi ya Driwaru ni kutembeza watalii. Huwachukua Arua kwa Landkruza kuukuu, huwapitisha Koboko mjini, kisha huingia nao kwenye korongo lililo nyuma ya Midia, ambako maji yamekata udongo mwekundu kwa miaka mingi hadi zikabaki kuta mbili ndefu, na katikati yake njia ya mchanga inayotosha gari moja tu. Wageni hunyoosha mikono madirishani wakazigusa kuta. Magari hayapishani humo. Kwa hiyo Driwaru hupita kwanza kwenye mdomo wa juu, hushuka, hulaza tawi bichi njiani, ndipo huzunguka kuingilia mdomo wa chini. Tawi maana yake: mtu yumo, subiri.

Siku hiyo alikuwa na hasira tangu alfajiri. Jana yake, nyumbani Awindiri, baba mkwe wake, Mzee Anguzu, alitamka mbele ya ukoo kwamba safari ya kesho ndiyo ya mwisho. Mke wa mwanawe hawezi kushinda porini na usukani na watu asiowajua. Acidri, mumewe, alikuwa akifunga kamba za viatu wakati huo, na alizifunga muda mrefu ajabu.

Sasa amebakiza kipande kidogo atoke, na Probox imesimama uso kwa uso na gari lake. Kwenye usukani yupo shemeji yake Enoch. Pembeni, kofia magotini, Mzee Anguzu mwenyewe, na kiti cha nyuma mbuzi wa kupeleka mazishini.

Driwaru alizima gari. Alitoa kitenge chini ya kiti, akakifunga juu ya suruali, akajipenyeza kwenye mlango uliofunguka nusu, akapiga magoti mchangani katikati ya bampa mbili. Mkwe husalimiwa kwa magoti, hata korongoni. Mzee aliitikia. Akauliza habari za watoto, za mihogo, za jirani aliyevunjika mguu. Nyuma, ndani ya Landkruza, Sandra, mgeni kutoka Kampala, alikuwa akipiga picha.

"Shemeji," Driwaru alimwambia Enoch, magoti yangali mchangani, "tawi hukuliona?"

"Mimi naona."

"Na ukaingia."

"Baba nasema hiyo tawi iko ya Mama Peace. Mama Peace atarudi nyuma. Mutu gani hapana rudi nyuma kwa mkwe yake?"

Mama Peace ndiye Driwaru, kwa jina la mwanawe. Mzee aliitikia kwa kichwa kuthibitisha kwamba ndivyo alivyosema.

"Nyuma yangu kuna kona imepinda kama kiwiko," Driwaru alisema polepole, kama anayemlisha mtoto uji. "Gari hili haliipiti kinyumenyume. Nyinyi mmeingia sasa hivi. Rudi, Enoch."

Enoch alijaribu. Akakata usukani upande usiofaa, taa ya nyuma ikapasukia ukutani. Akajaribu tena, akaipasua na ya pili.

"Hii ukuta natembea," alilalamika.

"Heri ingekuwa hivyo, shemeji. Ingekupisha."

Sandra alitoa kichwa dirishani. "Dada, si umrudishie gari wewe?"

Huko Ludara, kwenye mazishi walikokuwa wakienda, kaburi lilikuwa wazi, na watu wakimngoja Mzee Anguzu aseme neno la ukoo, maana bila yeye hawaziki. Driwaru alilijua hilo. Angeweza kurudi garini, akafungua karanga zake, akaacha mambo yajisemee. Alibaki alipo, akamtazama Mzee.

Mzee alizungumza na kofia yake. "Enoch, hamia nyuma. Kaa na mbuzi."

Hakuna aliyemwambia Driwaru aendeshe. Kiti tu kilibaki kitupu. Mlango wa dereva ulikuwa umebanwa na ukuta, ikabidi apitie dirishani, kitenge na vyote. Kisha akageuka kutazama nyuma, na mkono wake wa kushoto ukaegemea mgongo wa kiti cha baba mkwe, jambo ambalo Awindiri nzima hakuna mke wa mtu aliyewahi kulifanya. Mzee alikaza macho mbele. Gari likaanza kurudi, kuta zikipita kila upande bila kuguswa.

"Shemeji, kushoto kid..." Enoch alianza kutoka nyuma.

"Nyamaza," alisema Mzee, kabla Driwaru hajafungua mdomo.

Walitoka kwenye jua, juu ya lile tawi lililosagwa na matairi. Driwaru alishuka, akapiga magoti tena kumuaga. Mzee alivaa kofia, akaivua, akaivaa.

"Wageni wako wanangoja," alisema. "Nenda."

Driwaru alitazama chini, akajibu kwa sauti ndogo ambayo hata Enoch, aliyekuwa karibu, hakuisikia.

"Naenda, Baba. Na kesho nitaenda tena."