Kiti Kimoja na Mama Mkwe

Juzi nilikuwa gereji moja hapa Migori, nikiwafundisha mafundi kazi yao. Shule niliiacha mapema, lakini akili niliondoka nayo. Ikaingia pikapu ya zamani, dereva wake mrefu hivi kwamba magoti yalishika usukani zaidi kuliko mikono. Nyuma, juu ya gunia, alikaa mama mkwe wake na kuku wawili. Bintiye alikuwa amejifungua Homa Bay, naye alitaka kumwona mjukuu.

"Mama, mvua hiyo inakuja. Ingia mbele," fundi akamsihi.

"Kiti ni kimoja. Nikae kiti kimoja na mkwe wangu, na mila inakataza? Hata huyo mjukuu atanicheka."

Kweli, kiti kilikuwa benchi moja refu. Fundi alitaka kukisukuma chote nyuma, pale panapowekwa jeki, magoti ya dereva yapate kupumua.

"Wacha!" nikamwambia. "Kata katikati. Nusu ya jamaa irudi nyuma, ya mama ibaki."

Msumeno ukalia, sponji ikaruka kama manyoya. Jamaa akanyoosha miguu kwenye nusu yake, akacheka huku akipiga honi. Mama akashuka. Akapitisha mkono kwenye mwanya, juu mpaka chini, akitafuta mahali palipobaki pameshikana. Hakupata. Akapanda, akawaweka kuku katikati.

"Sasa endesha," akasema, akitazama dirishani. "Na usinisemeshe sana."

Nyinyi mnaosema mila zetu haziingii kwenye gari, leteni hilo gari. Msumeno tunao.