Pongo wa Posa, Msitu wa Rugu

Sikuondoka Kihanga kwa uchu wa nyama. Niliondoka kwa sababu Mzee Rwegasira wa Rugu alikataa kunipa binti yake, Koku. "Bwana shamba, una mdomo mno," aliniambia mbele ya watu. "Siku utakayonyamaza hata ukamkaribia pongo, mlete tuzungumze." Miaka ile ya themanini nilikuwa na bunduki ya marehemu baba, leseni ninayo, kibali cha mnyama mmoja ninacho. Nilichokosa ni kimya tu.

Alfajiri nilipanda baiskeli. Katika kijiji cha Ndama nikasimama kunywa chai, nikajikuta nawahutubia wenyeji saa nzima juu ya chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa. Mama mwenye nyumba akauliza, "Mwanangu, na huko msituni utawaelimisha pongo?" Nilicheka, lakini iliniuma.

Saa nne, Rugu. Mzee alinifikisha ukingoni mwa msitu, akarudi migombani kwake. Nikavua viatu. Hatua moja, nasimama, nasikiliza. Hatua nyingine, nasimama. Kwa saa tatu sikukohoa. Jamani, nilijiona mtawa!

Saa saba na ushee, pongo dume huyo, anakula majani, hatua arobaini mbele yangu. Nainua bunduki, mara nyuma yangu akatokea bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Akasimama kungoja shikamoo. Kule kijana hampiti mzee bila kumwamkia, hata nyumba iwe inaungua. Nami? Nikaweka kidole mdomoni, kumwashiria anyamaze! Nikafyatua. Pongo chini. Kugeuka, bibi hayupo.

Jioni niliingia kwa Mzee na pongo kwenye keria, kifua mbele. Vigelegele, nyama ikachomwa, ndizi zikaepuliwa. Mzee akanishika mkono. "Umeweza, mwanangu. Sasa tumngoje dada yangu. Kwetu binti haondoki bila neno la shangazi yake."

Shangazi akaingia. Alikuwa yule bibi wa kuni.

"Huyu?" alisema. "Amenikuta msituni, hakuniamkia. Tena kaninyamazisha, mimi!"

"Ni kweli?" Mzee akauliza.

Niliitikia kwa kichwa. Moyo uliniuma vibaya, maana Koku alikuwa pale mlangoni, anasikia. Nyama walikula yote.

Asubuhi nilirudi Kihanga na pembe mbili. Nimejifunza kwamba msituni unaweza kunyamaza upendavyo, mradi umeshaamkia. Pongo Rugu bado wapo wengi. Koku alikuwa mmoja tu, na mwaka uleule aliolewa na kijana wa Ndama ambaye hajawahi kushika hata manati, ila huyo huamkia mpaka mbuzi.